Kigaga wa Hagthorpe

Kwetu Hagthorpe, kijiji cha mgodi wa makaa kaskazini mwa Uingereza, mtoto akianguka barabarani akachubuka goti, kidonda kikianza kukauka mama yake humwambia, "Usilibandue hilo ganda." Ganda. Hatasema kigaga, ingawa ndilo jina lake, na kila mtoto wa Kiingereza kwingineko hulijua neno hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sisi hatulisemi ovyo. Daktari mmoja kijana kutoka kusini aliwahi kumsifu mzee mmoja kwamba kidonda chake cha mguu kimeota kigaga kizuri. Mzee aliinuka vile vile, suruali imekunjwa hadi gotini, akatoka nje bila kuaga. Daktari alibaki ameduwaa, na hakuna aliyemweleza kosa lake, maana utaanzia wapi?

Kwa Kiingereza neno lenyewe ni scab. Niliwahi kwenda kulitafuta kwenye kamusi nene pale maktaba, enzi tulipokuwa bado na maktaba. Kumbe liliingia na watu wa kaskazini waliovuka bahari kuja kuteka nchi hii, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Kwao lilikuwa upele, ule wa kujikuna hadi ngozi itoke, unaoshika kondoo na watu. Baadaye likawa ganda la kidonda. Kisha watu wakaligeuza tusi, wakamwita hivyo mtu mchafu, mtu wa kumkwepa njiani. Halafu, zaidi ya miaka mia mbili nyuma, mafundi viatu na mafundi wengine wakampa jina hilo mwenzao anayeingia kazini wakati wengine wamegoma. Hapo ndipo lilipokaa. Niliifunga kamusi nikarudi nyumbani kupika chai, na kujua kwangu hakukumsaidia mtu yeyote.

Aliyelibeba neno hilo kijijini kwetu aliitwa Neville Ogley, sisi tukimwita Nev. Na niseme mapema: Nev alikosea. Nilisema hivyo mwaka ule nikiwa msichana mwenye kelele, na nasema hivyo leo nikiwa na mvi. Asije mtu akadhani ninamsimulia ili nimsafishe.

Alizaliwa kwenye zile nyumba za safu chini ya mgodi, wa pili kati ya ndugu wawili. Kaka yake, Horace, alimtangulia kwa miaka minne. Baba yao aliangukiwa na paa la mgodi Nev akiwa bado shuleni, na tangu hapo Horace ndiye aliyekuwa baba. Alimfundisha kunyoa ndevu, akampeleka mgodini siku yake ya kwanza ya kazi, akamnunulia bia yake ya kwanza pale kilabuni na kumcheka alipokunja uso. Walipooa walipata nyumba zinazotazamana, mlango kwa mlango, barabara katikati. Wake zao waliazimana sukari wakiwa wamevaa ndara za ndani. Horace alikuwa mkata makaa, kifua kipana, sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nev alikuwa mtu wa pampu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji hayajai kule chini, na mtu anayekaa na pampu gizani miaka nenda rudi, bila wa kuzungumza naye, huzoea kuamua mambo peke yake. Nadhani balaa lilianzia hapo.

Serikali ilipotaka kufunga migodi, tukagoma mwaka mzima. Nev aligoma kama sisi, ila chama chetu cha wafanyakazi chenyewe kiliwaruhusu watu wa pampu waingie, kwa sababu mgodi ukijaa maji hakuna wa kuurudia. Akawa anapita langoni asubuhi na wenzake waliosimama pale kuzuia watu wakimpigia makofi. "Tutunzie nyumba, Nev!" walimwambia. Alikuwa akiinua kofia kwa madaha kama diwani.

Kisha ikaja baridi ya Januari, na polisi wakaingia kijijini na farasi. Waliwapiga watu hadi kwenye milango yao. Ronnie Tasker, rafiki mkubwa wa Horace, alivunjwa mkono akiwa ameshika chupa za maziwa. Tawi letu la chama lilikutana ukumbini siku iliyofuata, likapiga kura kwa hasira: kuanzia sasa haingii mtu mgodini, awe wa pampu asiwe wa pampu. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Wa Nev ulibaki mfukoni.

Nyuma ya ukumbi ndiko tulikokuwa na jiko la mgomo, wanawake tukipikia kijiji kizima. Nilikuwa namenya viazi na Noreen, mke wa Nev, ndugu wale wawili walipoingia wakibishana.

"Maji hayagomi, Horace," Nev alikuwa akisema. "Yanapanda tu. Mkirudi mtachimba nini, samaki?"

"Mameneja wataendesha hizo pampu."

"Wale? Wale hata birika la chai linawashinda."

Tukacheka jikoni. Horace hakucheka.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kura imepigwa."

"Kura haizuii maji, kaka."

"Basi ukipita lile lango, usinijue. Umenisikia? Usinijue kabisa."

"Acha hizo. Naenda kwenye pampu tu, sigusi hata kipande cha makaa. Kila mtu atalielewa hilo."

Noreen aliacha kumenya. "Nev, mpenzi, msikilize kaka yako," alisema. Lakini Nev alikuwa keshashika kofia yake.

Lile ndilo kosa, nami hadi leo sielewi mtu aliyezaliwa Hagthorpe alilifanyaje. Aliamini tutapambanua kati ya anayeingia kuuza wenzake na anayeingia kuwaokolea kazi yao. Kwetu hakuna huyu na yule. Lango ni lango. Ukilipita wenzako wakiwa nje, umelipita.

Wala polisi hawakumruhusu aingie kwa miguu. Ilibidi apande basi lililofungwa nyavu za chuma madirishani, polisi mbele, polisi nyuma, ndani yake watu wa kutoka mbali tusiowajua. Nev alikuwa ameketi dirishani na beji ya chama kwenye kofia. Alipotuona pale langoni akainua mkono kutusalimia. Kutusalimia! Horace alikuwa mstari wa mbele, na mimi bega kwa bega naye. Niliiona midomo yake ikikataa kwanza. Halafu akalitoa, "Kigaga!" kwa ile sauti yake yote, na sisi wengine tukalipokea. Nililipaza neno lile hadi koo likaniuma. Nilimwona Nev nyuma ya nyavu akigeuka huku na huku, kama anatafuta ni nani anayeitwa.

Majuma machache baadaye tulishindwa. Tukarudi kazini kwa maandamano, bendi mbele, bendera ya tawi juu, watu wakilia. Nev alitazama kutoka dirisha la juu la nyumba yake, kwa sababu aliambiwa akitia mguu kwenye maandamano yale atavunjwa. Mgodi ulikuwa mkavu. Horace alishuka akakata makaa mahali ambapo mdogo wake aliyazuia maji yasipafikie, na hakuna aliyefungua mdomo kulisema hilo. Kabla mwaka haujaisha serikali iliufunga mgodi wenyewe. Pampu zikazimwa, maji yakapanda yakajaa kote, na juu yake leo kuna ghala la vifurushi. Kwa hiyo kile alichokiokoa kilizama, na kile alichokitoa kukiokoa hakikurudi.

Sasa ndipo neno lilipoanza kazi yake. Waliliandika kwa rangi nyeupe ukutani pake. Alisugua kwa brashi na soda siku nzima, wakaliandika tena. Akapaka chokaa juu yake, na mvua ikinyesha matofali yakilowa herufi zilitokeza taratibu, na hapa kwetu mvua si mgeni. Dukani alihudumiwa mwisho, na kwa ishara. Kilabuni akiketi, meza nzima ilihama na glasi zake. Noreen, mgomo ukiwa bado unaendelea, aliambiwa arudishe aproni ya jikoni, akaikunja vizuri mbele yetu sote, akaiweka juu ya viazi. Alikuwa hajasema wala kufanya kitu. Watoto waliozaliwa miaka kumi baada ya mgomo, ambao hawajawahi kuona kipande cha makaa, walijua kuvuka barabara wakimwona. Neno lile halisemwi kwa mzaha Hagthorpe. Ukilisema kwa mtu hulirudishi, na yeye hana wa kumkabidhi. Anakaa nalo.

Watu wa nje huuliza kwa nini hakuhama. Wengine walihama. Nev aliniambia baadaye sana, kwa sababu nyumba yangu na yake zilitengwa na ukuta mmoja na hatimaye nilichoka kununa kupitia ukuta. "Nikihama nitakuwa nimekubali," alisema. "Halafu Horace yuko hapa."

Hilo ndilo lililomweka. Hakuwahi kutamani kijiji kimsamehe. Alitaka kaka yake amsemeshe, basi. Kila asubuhi Horace alitoka kuchukua maziwa mlangoni, na kila asubuhi Nev alifungua mlango wake upande wa pili. "Habari za asubuhi, Horace." Horace alichukua chupa zake, akafunga mlango. Aliendelea hivyo mvua, theluji, sikukuu. Kuna siku nilimwambia, "Wewe Nev, una akili timamu? Mti ungekuwa umeshakuitikia." Akanijibu, "Mti si kaka yangu, Glenda."

Noreen alipokufa, wanaume walipanga mstari kwenye lango la kanisa wakaligeuzia jeneza migongo. Hivyo ndivyo kwetu anavyozikwa kigaga, na mke wake pia. Horace alikuwa kwenye mstari ule. Mimi niliingia ndani, nikaimba nyimbo zote kwa sauti, nikawatazama wale wanaume macho kwa macho nilipotoka, na baadhi yao hawakunisalimu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewakasirikia. Aliyepita lango ni Nev, Noreen alipita lango gani? Nev alitembea nyuma ya jeneza akiwa amenyoosha shingo, na alipofika mbele ya mgongo wa kaka yake alisimama kidogo. Alingoja. Mgongo haukugeuka, akaendelea.

Miaka ikaenda hadi akili ya Horace ikaanza kuvuja. Mkewe alikuwa ameshafariki, binti yake yuko Kanada. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, akaja kukutwa kwenye mlango wa ghala la vifurushi na kofia yake ya mgodini, akidai taa. Wakamleta kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha. Jina la binti yake likaondoka. La mkewe likaondoka. Chakula cha Jumapili, nyama na ule mkate laini wa kuokwa unaoliwa na mchuzi alioupenda kufa, akawa anakitazama kama kitu kilichotolewa mtoni.

Nev alinijia akiwa ameshika kofia mikononi.

"Hali yake vipi?"

"Hamjui mtu, Nev. Mimi jana nilikuwa mama yake, leo asubuhi nimekuwa polisi."

"Naweza kuja?"

Nilijua sikupaswa. Lakini nilikuwa nimezisikia asubuhi zote zile kupitia dirisha langu. Nikamwambia aje saa ya chai.

Alikuja amevaa koti la kanisani, viatu vinang'aa. Sebule kubwa ilikuwa imejaa wazee wetu, viti vimepangwa kuzunguka kuta, wengi wao watu wa mgodi, kila mmoja na kikombe chake. Horace alikuwa dirishani. Nev alivuka chumba kile polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mbwa, akasimama mbele ya kaka yake. Horace akainua macho. Uso wake wote ukafunguka.

"Ronnie! Shetani wewe, umepotelea wapi?"

Ronnie Tasker alikuwa kaburini siku nyingi, mapafu yameliwa na vumbi. Nev alinitazama.

"Nipo, Horace," akasema. "Nilibanwa tu."

"Ulibanwa na nini, mvivu kama wewe? Kaa hapa. We binti, mletee Ronnie chai, na usimpe biskuti za kuvunjika, huyu mtu wa watu."

Walikaa hadi chai ikapoa. Walizungumza juu ya njiwa, juu ya mpira, juu ya msimamizi mmoja aliyedondosha meno yake ya bandia ndani ya shimo. Horace alicheka hadi nikaogopa atapaliwa. Nilimsindikiza Nev mlangoni.

"Unajua anazungumza na Ronnie," nikamwambia.

"Najua."

"Si wewe."

"Glenda, sauti ni yake na masikio ni yangu. Ronnie hatatudai kitu."

Akawa anakuja kila alasiri. Alinunua kofia mpya. Nilimsikia akipiga mluzi upande wa pili wa ukuta, mtu ambaye sikuwahi kujua kama ana mluzi. Nilifurahi kwa ajili yake, ila nusu nusu. Furaha ile haikuwa yake, alikuwa ameiazima kwa maiti.

Siku moja ya mvua nilikuwa napita na toroli ya chai nilipomwona Horace ameinamia kikombe chake, mabega yanatikisika. Nikasogea. Analia.

"Ulimjua mdogo wangu," alikuwa akisema. "Nev wetu. Ulimjua, Ronnie."

"Nilimjua," Nev akasema.

"Maji yalimchukua. Alishuka kwenye pampu. Nilimkataza, nikamwambia mdogo wangu usiende, hakusikia. Hakupanda tena." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilimlea mimi yule. Alikuwa kijana mzuri. Kila asubuhi nikitoka kuchukua maziwa ni kama namsikia ananiita kule ng'ambo. Namsikia kabisa. Halafu nakumbuka amekufa."

Nev alikuwa amekodoa macho. Hebu fikiria: umengoja miaka yote ile kusikia kama kaka yako anakupenda, na sasa anakuambia, tena kwa machozi, ila anakuambia kwa sababu umekufa. Akili yake iliyooza ilikuwa imetafuta namna ya kumpenda tena mdogo wake, ikaona hakuna nyingine isipokuwa kumzamisha.

Nilitaka kumwambia Nev anyamaze. Kwa macho nilimwambia. Alikuwa hanitazami.

"Horace," alisema, akaukamata mkono wa kaka yake kwa mikono yake miwili. "Sikufa. Nitazame. Maji hayakunichukua. Ni mimi, Nev."

Horace alimtazama. Alitazama kofia, akatazama uso, kipande kwa kipande. Niliona kitu kikipanda kutoka chini kabisa, na kwa dakika moja nilidhani, Mungu nisamehe, kwamba atamkumbatia. Akauchomoa mkono wake taratibu. Akaufuta kwenye suruali.

"Kigaga," akasema.

Hakuwa na jina la mkewe. Hakuwa na jina la mtoto wake, wala la kijiko. Hilo alikuwa nalo, zima, bila kukwama.

"Kaka, nisikilize—"

"Kigaga! Kigaga huyu! Nani kamfungulia lango?"

Sauti ile ile. Sikujua kama bado ilikuwa ndani yake. Na wale wazee waliokuwa wakisinzia kuzunguka kuta wakaamka. Mmoja ambaye tangu Krismasi hakuwa ametamka neno lenye maana aliinua kichwa akalipokea, "Kigaga!" Wa pembeni yake akalishika. Bibi mmoja aliyekuwa jikoni nasi enzi zile akaanza kugonga sahani kwa uma. Sebule nzima ikawa inalisema, watu wasiojua leo ni siku gani, wasiojua kama wamekula, wote wanalijua neno na wanajua ni la nani. Nilipiga kelele wanyamaze. Niligonga toroli kwa birika. Hakuna aliyenisikia, na Nev alikuwa ameketi katikati ya zogo lile mikono imelala mapajani, kama vile bado imeushika mkono wa kaka yake.

Nilimtoa kwa kumshika kiwiko. Nikampakia kwenye gari langu. Tulipofika kwake nilizima injini, nikamwambia, "Nev, basi sasa. Umejaribu vya kutosha. Usirudi kule tena, utajiua."

"Aliniita kijana mzuri," akasema.

"Ndiyo, nilisikia."

"Alisema ananisikia asubuhi."

"Nev, ingia ndani ule kitu."

Alishuka. Mvua ilikuwa imelowesha ukuta wake na herufi zilikuwa zimeanza kuonekana. Hakuzitazama. Nililia ndani ya gari, kwa hasira zaidi kuliko huruma, na sikujua nimkasirikie nani. Wote wawili walikuwa na haki zao. Hilo ndilo linaloniua hadi leo: siwezi kumtafuta wa kumlaumu nikampata. Horace hakuwa mtu mbaya. Neno nilimsaidia mimi mwenyewe kulipaza pale langoni, na kama basi lile lingepita tena kesho ningesimama pale pale.

Nilidhani nimemwona Nev kwa mara ya mwisho pale kazini. Alasiri iliyofuata, saa ya chai, mlango ukafunguliwa. Alikuwa amevaa koti lile lile la kanisani. Uso wake ulikuwa umeshuka usiku mmoja. Nilitaka kumzuia, akanipita.

"Ronnie!" Horace aliita kutoka dirishani. "Njoo upesi, bwana wee. Kaa. Jana umekosa mambo."

Nev akaketi. "Mambo gani?"

"Kigaga mmoja aliingia humu ndani. Humu! Akaketi hapo hapo ulipokaa wewe, akanishika mkono." Horace alikuwa anacheka, mashavu mekundu, kwa muda mrefu sikuwa nimemwona na uhai kama ule. "Nikamtimua. Hawa wazee wote waliniunga mkono. Lakini nilisikitika hukuwepo. Ungekuwepo ungenisaidia, si ndiyo?"

Nilisimama na birika mkononi. Nev alikuwa anatazama biskuti kwenye kisahani chake. Horace alimsogelea, akamwekea mkono begani, akangoja jibu, kwa sababu lilikuwa jambo kubwa kwake.

"Ningekusaidia, Horace," Nev akasema. "Tungemtoa pamoja."